Mtoto wa mbwa mkubwa: kumfunza kujisaidia nje na kulala kizimbani, kwa nyumba zetu za Mtwara na Lindi

Upepo wa Kusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mbwa wakubwa aina ya German Shepherd, Boerboel na Rottweiler wanazidi kuonekana kwenye nyumba za huku kwetu, kuanzia Shangani na Ligula mpaka huku Mangamba ninakoishi, na hata Lindi mjini nikipita nawaona. Wengi wanaletwa wadogo kabisa kutoka Dar kwa ajili ya ulinzi. Kinachoniuma ni hali yao miezi michache baadaye. Mbwa yuleyule aliyeshangiliwa siku anashushwa kwenye basi, sasa amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, amelala pembeni ya kinyesi chake, na mwenye nyumba anamwambia kila mgeni kwamba hiyo ni mbegu chafu. Mbegu haina kosa. Alikosa mtu wa kumfunza katika zile wiki ambazo kumfunza ni rahisi, wakati bado anabebeka kwa mkono mmoja. Akishafika kilo 30 ana mazoea yake na nguvu zake, na hapo ndipo watu wanakimbilia mnyororo.

Naandika kwa kirefu, mwenye swali aulize hapo chini.

Kwanza mjue kwamba sehemu kubwa ya kazi mama yake ameshaifanya. Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi hata kujisaidia mwenyewe, mama anamlamba ndipo mkojo na kinyesi vitoke, na uchafu huo anaula ili pale wanapolala pabaki safi. Akifikisha wiki tatu hivi, macho yamefunguka na miguu inambeba, anaanza kujivuta pembeni kabla ya kukojoa. Hajafundishwa na mtu, ni maumbile yake kutochafua malazi. Mafunzo yote nitakayoeleza hapa yanasimama juu ya jambo hilo moja, na ukiliua umejiharibia. Linauliwa kirahisi tu: mtoto akifungiwa mahali padogo asipate pa kutokea, akalazimika kukojoa anapolala siku baada ya siku, mwisho anazoea. Aliyezoea kulalia mkojo wake kumrudisha ni kazi ya miezi.

Jambo la pili watu wengi hawalijui. Kufikia wiki ya nane au ya tisa, mtoto wa mbwa anakuwa ameshachagua aina ya ardhi anayoiona ni choo. Aliyelelewa kwenye mchanga anatafuta mchanga, aliyelelewa kwenye banda la saruji anatafuta saruji. Sasa chukua yule aliyezaliwa kwenye banda la saruji huko Dar, umshushe kwenye nyumba yako ya vigae. Ukimtoa uani kwenye mchanga wetu huu mwekundu anakaa, ananusa, anakutazama usoni. Anachezea jani. Unasubiri, unachoka, unamrudisha ndani. Hajamaliza hata hatua tatu sebuleni, anachuchumaa. Watu wanasema ana kiburi, kumbe amefika kwenye sakafu anayoijua.

Dawa yake ipo. Kabla hujamchukua, muulize anayekuuzia wamelelewa juu ya sakafu gani. Kama ni saruji, chagua kona moja ya ua iwe choo, ulaze hapo kipande cha tofali la saruji au vigae vilivyobaki vya ujenzi, kisha chukua kile kitambaa ulichofutia mkojo wake wa kwanza ukisugue juu yake. Harufu itamwita. Akishazoea kona hiyo, punguza vipande kidogo kidogo mpaka ibaki mchanga mtupu.

Kona yenyewe iwe ndani ya ua wako, si barabarani wala kiwanja cha watoto. Virusi vya parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua watoto wa mbwa, vinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na mtoto ambaye hajamaliza chanjo akinusa pale alipokunya mbwa mgonjwa unaweza kumzika ndani ya wiki. Kona isiwe chini ya mkorosho pia. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua. Waliowahi kubangua kwa mkono wanalijua hilo kwa vidole vyao. Mtoto wa mbwa anatafuna kila anachokikuta, na korosho zikianza kuanguka kuanzia mwezi wa kumi atazikuta. Kipindi cha kupuliza salfa nacho, mweke mbali na mikorosho.

Sasa kizimba. Wengi wanakiona ni jela, wengine wanakiona ni muujiza, na wote hawajakielewa. Kizimba hakimfundishi mbwa kukojoa nje. Kinachofanya ni kukupa wewe nafasi ya kumfikisha nje kabla hajakojoa, kwa kuwa akiwa humo atajitahidi kujizuia asichafue malazi yake. Ukimweka kizimbani ukaenda zako mnadani, ukarudi jioni, hujamfundisha chochote isipokuwa kulalia uchafu. Kizimba bila safari za kwenda nje ni mateso matupu, na ningependa mtu asiyeweza safari hizo aahirishe kununua mbwa.

Ukubwa wake ni huu: awe na nafasi ya kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amenyoosha miguu. Zaidi ya hapo, kona moja itakuwa kitanda na nyingine choo. Tatizo la mbwa wakubwa ni kwamba wanakua haraka, na hakuna mwenye hela ya kujenga vizimba vitatu. Kwa hiyo jenga cha ukubwa wa mbwa mzima, halafu weka kizuizi cha mbao ndani unachokisogeza nyuma kadiri anavyokua. Kwa German Shepherd mzima hesabu urefu wa sentimita 110 mpaka 120, upana wa 75, kimo cha 80. Boerboel anahitaji zaidi.

Fundi wa kuchomelea yeyote anaweza. Mwambie nondo za milimita 8, nafasi kati ya nondo na nondo ipite vidole viwili tu ili mdogo asinase kichwa, ncha zote zisagwe. Usikubali wavu wa kuku, unakatika na kuchoma ufizi. Kama kizimba ni cha mbao, mbao isiwe imepakwa dawa ya mchwa, kwa sababu ataitafuna. Chini tandika kanga kuukuu iliyokunjwa. Gunia liache, nyuzi zake akizimeza zinaweza kumziba utumbo. Na mkanda wa shingoni uvuliwe kila anapoingia, unaweza kunasa kwenye nondo ukamnyonga.

Mahali pa kukiweka ni jambo la uhai hapa kwetu. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema ulimi nje, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, hasa kuanzia Novemba mpaka Machi, kwa hiyo kuhema kwenyewe hakumsaidii sana. Kizimba kisikae juani, wala chini ya bati lisilo na dari, wala kisifunikwe blanketi. Kikae kwenye baraza au korido yenye upepo, na maji yawepo. Ukimkuta anahema kwa nguvu, mate mazito yanamtoka na anayumba, mpeleke kivulini papo hapo, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Kumwingiza usimsukume. Siku za kwanza mlango uwe wazi na umefungwa kwa kamba usimbamize. Chakula chake kiwekwe humo, kwanza mlangoni, kesho katikati, kesho kutwa mwisho kabisa. Akiwa anakula kwa raha ndipo unarudishia mlango, unamfungulia kabla hajamaliza kulamba bakuli. Kisha unachelewa kidogo baada ya kumaliza. Kisha unatoka chumbani unarudi. Wengine wanakubali ndani ya siku chache, wengine wanataka wiki mbili au zaidi, usimlinganishe na wa jirani. Na kamwe asiingizwe humo kama adhabu, wala watoto wasimchokoze kwa kumchomeka vijiti. Hapo waambie watoto kwa ukali.

Kutoka nje kunafuata mwili wake. Akiamka, nje. Akimaliza kula, subiri kati ya dakika tano na ishirini, nje. Akiwa kwenye mchezo mkali akaacha ghafla na kuanza kunusa akizunguka, nje mbio. Kabla ya kulala, nje. Kati ya hizo, mtoto wa miezi miwili mpeleke kila baada ya saa moja mpaka mbili akiwa macho. Kipimo ambacho wafugaji wengi wanatumia ni umri wake kwa miezi ongeza moja: wa miezi miwili asitegemewe kujizuia zaidi ya saa tatu, wa mitatu saa nne. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, akiwa ametulia. Si ratiba ya kumwekea.

Mvalishe kamba, nenda naye kona ileile, simama kimya. Neno moja tu litumike nyumba nzima, sisi tunasema "haya, kojoa". Akimaliza, msifu palepale na umpe kipande kidogo cha chakula kabla hamjaondoka kwenye ile kona. Ukimpa mkifika jikoni ataelewa kwamba zawadi ni ya kuingia jikoni. Baada ya hapo muache acheze kidogo, maana ukimrudisha ndani kila akikojoa tu, atajifunza kuchelewesha mkojo ili abaki nje.

Nyumba zenye ngazi au vigae, mbebe mpaka nje akiwa mdogo. Viungo vya mbwa wakubwa vinachukua miezi 12 mpaka 18 kukomaa, na kuteleza kila siku akikimbizwa kwenda kukojoa hakumfai.

Chakula kina neno lake humu. Mtoto anayekula saa zozote anajisaidia saa zozote. Mpe milo mitatu au minne kwa saa zinazojulikana mpaka miezi minne, mitatu mpaka miezi sita, kisha miwili. Dagaa wetu wa chumvi na ng'onda ndiyo chanzo cha mikojo isiyoisha katika nyumba nyingi: amekula chumvi, amekunywa ndoo ya maji, utamlaumu nini? Loweka, mwaga maji, osha, au tumia dagaa wasiotiwa chumvi. Maji usimnyime, hasa kwa joto letu. Unachoweza ni kumpa mlo wa jioni mapema, tuseme saa kumi na mbili, ili kabla ya kulala awe ameshamaliza haja zake.

Usiku, kizimba kiwe karibu na mtu, mahali unapomsikia. Ametoka kwa mama na ndugu zake, akilazwa peke yake stoo atalia mpaka mtaa uamke. Akiwa amelala kisha akaamka akinung'unika, huyo anataka kutoka: mtoe kwa kamba, taa isiwashwe kubwa, maneno yasiwepo, akojoe, arudi. Akiwa ametoka kukojoa sasa hivi na bado analia, kaa karibu, mpe mkono anuse kwenye nondo, usifungue. Utaona atajilaza. Nyumba zinazoamka kwa adhana ya alfajiri zina bahati hapa, saa haibadiliki sana na mtu yuko macho tayari. Wengi wakifika miezi minne hivi wanalala mpaka alfajiri bila kutolewa.

Akikojoa ndani mbele ya macho yako, piga makofi mara moja hewani kumkatisha, mnyanyue, mmalizie nje, msifu. Ukikuta dimbwi limeshakauka, futa ukae kimya. Usisafishe kwa jiki peke yake, na usije ukachanganya jiki na siki kwa hali yoyote, hewa yake ni sumu. Mimi natumia maji ya sabuni kwanza, nasuuza vizuri, kisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, naacha ikauke yenyewe. Pua ya mbwa ikibaki na harufu ya mkojo, atarudi palepale.

Naomba michango yenu.

---

Mwalimu Masasi

Mkuu, shukrani, nimesoma yote. Mimi naondoka nyumbani saa moja kasoro, narudi saa tisa na nusu, naishi peke yangu. Nimeshalipia German Shepherd, atafika mwisho wa mwezi akiwa na wiki nane. Nimfungie kizimbani asubuhi, nije kumtoa saa ya chai kama nikiruhusiwa?

Upepo wa Kusi

Mwalimu, kuanzia saa moja mpaka saa ya chai ni zaidi ya saa tatu, na kuanzia hapo mpaka saa tisa na nusu ni mbali zaidi. Kwa wiki nane hawezi. Usimfungie kizimbani muda huo wote.

Fanya hivi. Mjengee kijiua kidogo chenye kivuli, hata cha mabanzi au matete yaliyofumwa imara, upande mmoja pawe na kizimba mlango wazi, upande wa mbali kabisa pawe na mchanga. Akitaka kulala ataingia kizimbani, akitaka kujisaidia atakwenda mchangani, maumbile yake hayajavunjwa. Halafu tafuta mtu wa kupita saa nne na saa saba: jirani, kijana aliyemaliza darasa la saba anayeaminika, yeyote, umlipe kwa wiki. Kizimba chenye mlango uliofungwa kiwe cha usiku na vipindi vifupi ukiwa nyumbani.

Kama mtu huyo hapatikani, mwombe muuzaji akukalie naye mpaka likizo. Kukaa na mama na ndugu zake wiki kadhaa zaidi hakumdhuru, mradi anachanjwa na anashikwashikwa na watu.

Ndanda Juu

Nitofautiane kidogo. Sisi tumekulia na mbwa, mzee wangu alikuwa anamshika mbwa shingo, anamwekea pua kwenye mkojo, fimbo mbili, kwisha. Wanaacha. Haya ya kusubiri na kusifia ni ya watu wenye muda.

Upepo wa Kusi

Ndugu yangu, mzee namheshimu, na mbwa wengi wa aina hiyo walikuwa wanaishi nje tangu wanazaliwa, hawakuwa na sakafu ya kuchafua. Kwa huyu wa ndani au barazani, ukweli ni kwamba mbwa haunganishi fimbo ya sasa na mkojo wa nusu saa iliyopita. Anachounganisha ni wewe na mkojo. Anajifunza kwamba ukiwepo mkojo ukaonekana, anapigwa. Basi anaacha kukojoa mbele yako. Anakwenda nyuma ya kochi, chini ya kitanda cha mgeni, nyuma ya magunia stoo. Na ukimpeleka nje kwa kamba hakojoi, kwa sababu upo. Nimeitwa kwenye nyumba kadhaa kuangalia "mbwa mkaidi", nikauliza swali moja tu kuhusu fimbo, jibu likapatikana.

Halafu kumbuka huyu mtoto atafika kilo 40. Boerboel dume anapita 60. Ukimzoesha kuogopa mkono unaomkaribia, siku mkono huo ni wa mtoto wa jirani anayetaka kumshika kichwa utafanya nini?

Ndanda Juu

Hilo la mtoto wa jirani limeniingia. Ninaye mmoja wa miezi mitatu, kweli kabisa nikimtoa nje anakaa tu ananiangalia. Ngoja nijaribu hivi.

Upepo wa Kusi

Tumia kamba ndefu kidogo, simama umempa mgongo au ubavu, usimkazie macho. Akikojoa sema neno zuri kwa sauti ya chini. Siku za mwanzo atashangaa, vumilia.

Binti Mikindani

Mimi swali langu ni la nyumbani hasa. Tunaishi na bibi, ni mtu wa ibada, na baba anataka mbwa mkubwa kwa sababu wezi wameshaingia uani zaidi ya mara moja. Bibi anasema mbwa ni najisi, malaika hawaingii, hatamruhusu. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Shamba la Nachingwea

Mwanangu, salaam alaikum. Mimi ni Muislamu na nafuga mbwa shambani kwa ajili ya nguruwe pori, ngedere na wezi wa korosho. Bibi yako yuko sahihi kuhusu najisi: kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi huku pwani, mate yake na unyevu wake ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Lakini hadithi hizohizo zimetoa ruhusa kwa mbwa wa mifugo, wa uwindaji na wa shamba, na ulinzi wa nyumba wanazuoni wengi wameukubali kwa kulinganisha na hayo. Muombe baba ampeleke bibi kwa shehe wenu wa msikitini akalisikie hapo. Likitoka kwako wewe mjukuu halitakuwa na uzito.

Ndani ya nyumba mbwa asiingie kabisa. Akae uani na banda lake, vyombo vyake mbali, mtu wake wa kumhudumia ajulikane na awe na nguo ya kazi hiyo.

Upepo wa Kusi

Mzee umemaliza. Binti, naongeza upande wa mafunzo tu. Mbwa wa uani anahitaji mafunzo haya haya, tena zaidi, kwa sababu mbwa anayekojoa ovyo uani ndiye anayechafua njia ya bibi kwenda kuchukua udhu. Kizimba kiwe kwenye kibanda chenye paa la makuti, makuti yanapoza kuliko bati. Kona ya choo iwe upande wa mbali na kisima au bomba la udhu. Njia kati ya kibanda na kona isipite pale mnapotandika mikeka wala kwenye kamba ya nguo. Mzoesheni kwa kamba njia hiyo hiyo kila siku, na baada ya wiki chache ataifuata mwenyewe. Usiku wa mwanzo kaka au baba alale barazani karibu naye, asilie peke yake.

Na bibi aulizwe kila jambo kabla halijafanywa: kibanda kikae wapi, choo kiwe wapi. Akishapanga yeye, nyumba itatulia.

Binti Mikindani

Shukrani mzee, shukrani mkuu. Hilo la makuti na la kumuuliza bibi nalichukua leo leo.

Kilwa Masoko

Wangu ni Boerboel, miezi mitano, alishaacha kabisa kukojoa ndani. Wiki hii ameanza tena, na kila nikirudi kazini ananikimbilia anajikojolea miguuni pangu. Nimechoka, mke wangu anataka afungwe mnyororo.

Upepo wa Kusi

Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

La kukojoa miguuni ukifika ni la furaha au la unyenyekevu, hawezi kulizuia, na ukimfokea linazidi. Ukiingia usimsemeshe, pita moja kwa moja mpaka uani akufuate, akojoe nje, ndipo uchuchumae umsalimie kwa chini bila kumwinamia kichwani. Wengi linaisha wakikua.

La kuanza upya kukojoa ndani kwa mbwa aliyekwisha kuelewa, kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo. Angalia kama anakojoa kidogo kidogo mara nyingi, anajikamua, mkojo una damu, au anakunywa maji kupita kawaida. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, na hapo mafunzo hayasaidii mpaka atibiwe. Akiwa mzima, rudi kwenye ratiba ya mtoto wa miezi mitatu, kwa wiki mbili hivi, kisha legeza taratibu. Kuinua mguu na kuweka alama kwa madume kwa kawaida kunaanza baada ya miezi sita.

Mnyororo hapana. Mbwa wa mnyororo anakula, analala na kunya ndani ya duara moja, yale maumbile yake ya kutochafua malazi yanakufa yote.

Lindi Mitwero

Mvua zikianza hapa kwetu zinapiga mpaka mwezi wa nne, na huyu wangu akiona tone tu anagoma mlangoni. Jana alijizuia mpaka akashindwa.

Upepo wa Kusi

Dada au kaka, tengeneza paa dogo juu ya kona yake ya choo, mabati mawili au makuti juu ya nguzo nne, na chimba mfereji maji yasituame. Usimtoe wewe ukabaki umesimama mlangoni, toka naye ulowe naye. Ukimsukuma nje peke yake anaona amefukuzwa. Manyunyu yakiwa mepesi mpelekee chakula akalie hapo chini ya paa, azoee mlio wa mvua juu ya bati akiwa na kitu kitamu mdomoni.

Shamba la Nachingwea

Niongeze la chanjo, maana sijaona mtu amelisema vizuri. Chanjo za kwanza kuanzia wiki ya sita mpaka ya nane, zinarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, kisha inarudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Kampeni ya chanjo ikipita kijijini kwenu msiikose.

Upepo wa Kusi

Kweli kabisa mzee, na kizimba kinaingia hapo pia. Mbwa aliyezoea kizimba anapanda bajaji kwenda kwa daktari bila kukamatwa na watu wanne. Na ikitokea akamng'ata mtu, aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo, na mbwa afungiwe aangaliwe siku 10. Asiuawe haraka, maana akibaki mzima siku hizo zote madaktari wanajua hakuwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata. Kumfungia siku 10 mbwa ambaye hajawahi kuona kizimba ni vita.

Mwalimu Masasi

Mkuu swali la mwisho. Mlinzi anatakiwa atembee usiku. Ataanza lini kulala nje ya kizimba?

Upepo wa Kusi

Usiharakishe. Mtoto wa miezi minne hamlindi mtu, akiachwa uani usiku anachimba, anatafuna nyaya, anakula alichorushiwa na mwizi. Subiri awe amekaa kama miezi miwili mfululizo bila kuchafua mahali, anaitika akiitwa, na amepita umri wa kutafuna kila kitu, ambao kwa wengi ni kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Anza na muda wa saa moja hivi wakati wa jioni ukiwa macho, halafu mpaka saa nne usiku, halafu usiku kucha. Mlango wa kizimba ubaki wazi, aingie akitaka kupumzika.

Vipimo vya fundi nilivyoandika juu ni vya German Shepherd, vinakufaa. Mwambie mlango aufunge kwa bawaba tatu na komeo liwe nje, sehemu ambayo mdomo wake haufiki.